Kwa Miguu kutoka Lushoto Mjini hadi Irente: Mwongozo wa Siku Moja

Njia za miguu za milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, ni njia za watu kwenda shambani, mtoni, shuleni, kanisani, msikitini na gulioni. Hakuna aliyezichonga ili mgeni apate mandhari. Kwa sababu hiyo zina raha ambayo hifadhi yenye geti na mabango haina: kila baada ya dakika chache unakutana na mtu anayeijua njia kuliko ramani yoyote. Mwongozo huu ni wa anayetoka Dar, Tanga, Arusha au mbali zaidi, mwenye siku moja ya kutembea kutoka Lushoto mjini hadi mwamba wa Irente, kisha kurudi.

Kwenda ni kama kilomita 6, kurudi ni kama hizo. Mwenyeji huumaliza mwendo huo huku anawaza mambo yake mengine. Wewe tenga siku nzima. Nimeichagua Irente kwa anayeanza kwa sababu njia za miguu na barabara ya vumbi zinaandamana karibu safari yote, kwa hiyo ukichoka, mvua ikinyesha au mtoto akilia, unatokea barabarani na kusimamisha bodaboda.

1. Chagua majira kabla ya kuchagua tarehe

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa matembezi haya. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa unashika kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito, na kwenye mteremko unateleza vibaya. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huwa nafuu, mara nyingi kunapambazuka vizuri na mvua inakuja baadaye. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini kuna baridi ya kweli. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu unaweza kukaa bondeni hadi saa tatu au saa nne. Mtu wa Pwani asidharau hili, alete sweta.

Ukiniuliza mimi, njoo Januari. Mvua za vuli zimeosha vumbi hewani, kwa hiyo ukifika mwambani unaona mbali, mashamba ni mabichi, na plamu na mafyulisi yanauzwa kwenye ndoo kando ya barabara.

2. Fika jioni ya kuamkia siku ya safari

Basi lolote la kwenda Moshi au Arusha kutoka Dar hupita Mombo. Hapo unashuka na kupanda gari dogo la kwenda Lushoto, kilomita zipatazo 33 za lami inayopanda kwa kona juu ya kona kupitia Soni. Mwenye kichefuchefu akae mbele na atafune tangawizi. Usipange kufika Lushoto na kuanza kutembea siku hiyohiyo, maana saa zitakazobaki hazitatosha, na giza la milimani huingia upesi jua likishajificha nyuma ya kilima.

Jioni hiyo amua kama utachukua mwongoza watalii. Irente haihitaji mmoja kwa lazima. Hata hivyo, kwa anayekuja mara ya kwanza nashauri amchukue. Usalama ni sehemu ndogo ya sababu. Anayeongoza ni kijana wa palepale, anajua shamba hili ni la nani, mfereji ule unapeleka maji wapi, na bibi yule anapenda kusalimiwa vipi. Fedha yako pia inabaki kijijini. Mtafute kupitia ofisi za utalii zilizopo mjini, mwombe kitambulisho, mkubaliane bei na kilichomo ndani yake (je, chakula kimo? na nauli ya kurudi?), kisha udai stakabadhi. Anayekushika mkono stendi na kusema yeye ndiye ofisi, mshukuru na uendelee na safari yako.

3. Mkoba uwe mwepesi

Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, vyenye soli yenye meno. Kofia, sweta, koti la mvua au mwavuli. Suruali ndefu au sketi inayovuka magoti, na kwa kina mama kanga moja ya ziada, kwa sababu vijiji hivi vina Waislamu na Wakristo na watu hujistiri. Noti ndogondogo nyingi: muuza ndizi wa njiani hana chenji ya elfu kumi. Simu yenye chaji, na ramani uliyoipakua kabla, lakini usiitegemee. Barabara utaiona kwenye ramani, ila njia nyingi za katikati ya mashamba hazimo.

Fimbo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, hasa wakati wa kushuka. Mwombe mwenyeji wako akutafutie, usikate mti wa mtu.

4. Ondoka saa moja asubuhi

Kunywa chai nzito, kula chapati na maharage, uondoke. Saa hiyo watoto wanakwenda shule na wakulima wanapanda kilima kwenda mashambani, kwa hiyo njia ina watu. Ukiondoka saa nne utakuta kila mtu ameshafika aendako, na utapita mahali pengi bila mtu wa kumuuliza.

Kutoka mjini uliza njia ya Irente kupitia kijiji cha Yoghoi. Mwanzo ni barabara pana, kisha utaanza kuona njia nyembamba zinazochepuka na kupanda moja kwa moja pale barabara inapozunguka. Hizo ndizo tunazozitaka.

5. Jifunze kuuliza njia

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kunakopoteza. Ukimwonyesha mtu njia kwa kidole na kusema, "Hii inakwenda Irente?" kuna uwezekano mkubwa atasema ndiyo. Hakudanganyi. Ni ustaarabu, hataki kumkatalia mgeni, na pengine njia hiyo inafika Irente kweli baada ya kuzunguka vilima viwili. Uliza hivi: "Samahani mama, njia ya kwenda Irente ni ipi?" Mwache achague mwenyewe. Akinyoosha mkono, uliza la pili: "Nikifika mbele nitaona nini?" Atakutajia mti, kanisa, daraja la magogo, nyumba ya bati jipya. Alama hizo ndizo ramani yako. Zirudie kwa sauti mbele yake ili akusahihishe.

Swali la umbali nalo lina namna yake. "Ni mbali?" jibu lake ni "Hapo tu" au "Si mbali sana," na hapo tu ya mtu aliyezaliwa milimani inaweza kuwa saa nzima ya kuhema kwa mtu wa Kinondoni. Uliza, "Mimi nikitembea polepole nitafika saa ngapi?" Utamwona anakutazama miguuni, anatazama mkoba wako, anapima, na jibu litakalokuja ni la kweli. Kisha uliza kama kuna mto wa kuvuka, na kama njia ina utelezi leo. Neno leo ni muhimu, kwa sababu mvua ya jana usiku anaijua yeye.

Ukiambiwa kuna njia ya mkato, fahamu kwamba mkato wa huku maana yake ni kupanda wima. Kama magoti yako hayana shida, ipite wakati wa kwenda, ukiwa na nguvu, na urudi kwa njia ya mzunguko. Kushuka mkato jioni, miguu ikiwa imelegea, ndiko kunakovunja watu vifundo.

Uliza tena katika kila njia panda, hata kama una hakika. Na kabla ya swali, salamu. Mtu mzima unampa shikamoo. Anayelima unamwambia "Pole na kazi," na unasubiri ajibu. Ukijua "Onga maundo," salamu ya asubuhi ya Kisambaa, itoe, hata kama matamshi yako hayajanyooka. Ukiondoka, "Hongea" ni asante yao. Usiulize njia huku unatembea. Simama, vua miwani ya jua, umtazame mtu.

6. Isome njia yenyewe

Zipo dakika ambazo hakuna mtu, na mbele yako njia imegawanyika. Tazama chini. Njia inayounganisha vijiji imekanyagwa hadi ikawa ngumu, katikati imezama kidogo, na upana wake haubadiliki. Njia ya shambani huanza vizuri, kisha kila unavyokwenda inapungua, majani yanaanza kugusa magoti, na mwisho wake ni tuta la viazi. Njia ya mtoni huteremka bila kuzunguka na huwa na matone ya maji au alama za ndoo zilizowekwa chini kupumzika. Alama ya tairi la pikipiki inakuambia kwamba njia hiyo, mbele kidogo, inatokea barabarani. Nyayo ndogo nyingi za viatu zinazoelekea upande mmoja ni za wanafunzi, na zitakupeleka shuleni, mahali ambapo kuna watu wa kuuliza.

Ukitembea dakika kumi njia ikizidi kuwa nyembamba, rudi hadi njia panda ya mwisho. Usikate katikati ya shamba kufuata njia unayoiona ng'ambo. Makinga maji na matuta ya mteremkoni ni kazi ya mikono ya miaka mingi. Mguu mmoja kwenye ukingo uliolowa unaubomoa, na mvua ijayo inapita palepale na kuchukua udongo.

Tazama pia siafu. Msafara wao ukikata njia, ruka kwa hatua moja ndefu na usisimame karibu. Mkono wako usiuweke kwenye kichaka wala kwenye jiwe usiloliona upande wa pili, kwa ajili ya viwavi, upupu na nyoka.

7. Mpishe mwenye mzigo

Asubuhi utakutana na kina mama waliobeba majani ya ng'ombe, kuni, au kabichi za kupeleka sokoni. Mzigo huo unaweza kuwa mpana kuliko njia. Anayebeba ndiye mwenye njia. Simama upande wa juu, wa mlimani, mahali pagumu pasipo na mche, mwache apite kwenye ardhi aliyoizoea. Msalimie, lakini usimsimamishe kumuuliza lolote wala kumpiga picha. Shingo yake inafanya kazi.

Mara nyingine njia hupita uani mwa mtu, kati ya jiko na banda la ng'ombe. Usigeuke, ni njia halali, ila piga hodi ukiwa bado mbali na upunguze mazungumzo. Wengi watakwambia karibu. Ukikaribishwa kukaa na una muda, kaa. Ukiletewa ndizi au chai, pokea kwa mikono miwili. Kama unataka kutoa kitu, mnunulie kile anachouza.

Watoto watakufuata. Wasalimie, waulize darasa, lakini usiwape fedha wala pipi. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona jinsi noti moja iliyotolewa kwa huruma inavyomfundisha mtoto kusubiri wageni saa ya shule. Vivyo hivyo kuhusu kinyonga. Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na mtu akigundua kwamba mgeni hulipa ili kupiga picha na kinyonga aliye juu ya kijiti, mnyama huyo atashindishwa juani hadi jioni. Ukimwona mtini, mtazame hapo alipo.

Picha ya mtu iombwe. Picha ya mlima haihitaji ruhusa.

8. Yoghoi na mashamba yake

Kuanzia Yoghoi mwendo unakuwa mtamu, na hapa usikimbilie mwambani. Tazama jinsi mteremko mmoja unavyobeba vitu: mahindi na maharage pamoja, migomba bondeni ambako kuna unyevu, kahawa kivulini, viazi mviringo, karoti, kabichi na hoho kwenye vitalu karibu na maji. Mapeasi na plamu zimesimama mipakani. Mifereji midogo huchukua maji ya kijito na kuyazungusha kwenye kifua cha kilima hadi shamba la tatu, la nne. Ukitaka kuvuka mfereji, vuka kwa jiwe lililowekwa. Usikanyage ukingo, maji yatamwagika na kuna mtu huko chini ambaye zamu yake ya kumwagilia ni leo.

Tunda lililoanguka njiani nalo lina mwenyewe. Ita, uliza, nunua.

Ukikaribia Irente kuna shule ya watoto wasioona, na unaweza kukutana na wanafunzi barabarani wakiwa na fimbo zao nyeupe. Usimshike mtoto mkono kumvusha bila kumuuliza. Toa sauti ukiwa mbali, salimia, sema uko upande gani wa njia, na umwachie nafasi. Wanaijua barabara hii.

9. Agiza chakula kabla ya kwenda mwambani

Kabla ya kufika mwisho utapita shamba la Irente, ambalo liko chini ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wanatengeneza jibini, mkate wa ngano nyeusi na jamu za matunda ya hukuhuku. Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal na kupapenda kwa ubaridi wake. Ingia, uagize chakula cha mchana, uwaambie utarudi saa ngapi, kisha uendelee mwambani ukiwa mwepesi. Chakula kinaandaliwa kwa aliyeagiza, kwa hiyo ukifika na njaa bila taarifa utasubiri.

Kutoka hapo hadi mwambani ni mwendo mfupi. Kuna kiingilio kidogo cha kulipia, na zile noti ndogo zitafaa tena.

10. Mwambani

Ardhi inakatika. Mbele yako ni mteremko wa karibu mita 1,000 hadi Mazinde, na baada ya hapo tambarare inayokwenda hadi macho yachoke. Utaona mistari iliyonyooka ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893, na barabara kuu uliyopita jana ukiwa ndani ya basi.

Kaa chini kwanza, kisha utazame. Upepo hupanda kutoka bondeni kwa ghafla, na mwamba ukiwa na umande unateleza. Usirudi nyuma kinyumenyume kwa ajili ya picha, usimruhusu mtoto aachie mkono wako, na anayeona kizunguzungu asione haya kukaa mbali na ukingo. Mandhari ni ileile ukiwa hatua tano nyuma.

Ukishatulia, fikiria jinsi pande hizi mbili zilivyotegemeana. Wasambaa waliishi huku juu, penye mvua na migomba, na makao ya wafalme wao, wa ukoo wa Wakilindi, yalikuwa Vugha, juu ya milima hii hii. Karne ya 19, biashara ya misafara ilipopamba moto, Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake pale chini Mazinde, karibu na njia ya misafara, akapata bunduki na nguvu kuliko ndugu zake waliobaki mlimani. Vita vilivyofuata viliuvunja ufalme kabla Wajerumani hawajafika. Ukiwa umekaa hapo juu unaelewa mara moja kwa nini aliteremka: kila kinachopita bondeni kinaonekana. Hili haliwezi kukuingia vizuri kwa kusoma darasani, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko picha zote za machweo.

Saa nzuri ya kuwa hapo ni kati ya saa nne na saa sita, ukungu ukishaondoka. Alasiri tambarare huwa na utusitusi, hasa miezi ya ukame.

11. Kurudi

Kula, pumzika, jaza maji, na uwe umeanza kurudi kabla ya saa tisa. Kama ulikuja kwa njia za mashambani, rudi kwa barabara, au kinyume chake, lakini uliza kwanza kama kuna mvua inayojikusanya. Wenyeji huijua kwa kutazama kilima gani kimefunikwa. Wakikwambia ngoja, ngoja.

Kwenye mteremko piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, fimbo itangulie mguu. Pakiwa na utelezi, weka mguu upande, usielekeze vidole chini. Usishuke ukiwa na mikono mfukoni. Watoto wawe katikati ya watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Takataka zako zote zirudi mjini na wewe, hadi ganda la pipi. Vijijini hakuna gari la taka, na chupa unayoitupa hapo itaishia kwenye mfereji wa mtu.

Ukifika Lushoto na bado kuna mwanga, pita sokoni ukanunue plamu na mapeasi ya kupeleka nyumbani. Chagua yaliyo magumu kidogo, yatakayovumilia kona za Soni na joto la Mombo. Anayetaka siku ya pili aulize habari za msitu wa Magamba jioni hiyohiyo: hiyo ni hifadhi ya mazingira asilia, ina kibali na ada, na humo mwongozaji ni wa lazima, kwa hiyo mipango yake ifanyike kabla ofisi hazijafungwa.